Florini ya Mama Kipkorir

Kabla ya sarafu ile kuonekana, simu ya mzee Aron Kiptum ililia kwa sababu mbili tu: ama kampuni ya simu ilikuwa imemkumbuka, ama mtu alikuwa amekosea namba. Wote aliwajibu kwa heshima. Aliyekosea namba, Aron alimuuliza kwao ni wapi na kama mvua imenyesha, na mtu huyo akiwa hana haraka, Aron alimweleza habari za majani chai ya Sosiot mpaka salio la mwenzake likakatika. Unaweza kucheka. Lakini anayecheka hajawahi kukaa katika nyumba ya vyumba vinne, yeye na saa ya ukutani.

Mkewe Rebeccah, ambaye majirani wote walimwita Mama Kipkorir, alikuwa amezikwa chini ya shamba, pale chai inapopakana na mahindi. Watoto walikuwa wawili. Kipkorir aliuza bima Nairobi na alikuwa na nyumba yake Kitengela. Nelvine alifundisha shule ya msingi upande wa Sigor, huko Bomet. Tangu siku ya mazishi hawakuwahi kukutana wote chini ya paa la baba yao. Hapakuwa na ugomvi. Kila mmoja alikuwa akingoja likizo, na likizo ikija ilikuta shughuli nyingine imeshaikalia.

Sarafu aliipata Chepngeno. Huyu alikuwa jirani, mjane kama Aron alivyokuwa mgane, aliyemchumia majani asubuhi na kumkamulia ng'ombe jioni. Ndiye aliyemwambia kwamba nguo za marehemu haziwezi kukaa sandukuni zikiliwa na nondo wakati kuna watu wanaotetemeka kwa baridi. Basi wakalifungua sanduku. Katika pindo la leso kuukuu palikuwa na fundo, na ndani ya fundo sarafu nene iliyoingia weusi. Upande mmoja kulikuwa na mfalme mwenye taji, upande wa pili simba mbele ya milima. Mwaka wake ulikuwa wa kabla babake Aron hajapashwa tohara.

"Hii ni ya nyanya yake," Aron alisema. "Alipewa akiolewa. Mimi nilidhani ilipotea zamani."

"Wacha nipige picha nitumie Nelvine," Chepngeno alisema. "Aone kitu ya mama yake."

Akaipiga picha, akaituma, wakarudi kukunja nguo. Hata hawajamaliza magauni, simu ya Aron ikalia, na haikuwa kampuni ya simu wala mtu aliyekosea namba. Ilikuwa sauti ya Kipkorir, ikihema.

"Baba, hiyo pesa iko wapi?"

"Hujambo, Kipkorir. Watoto hawajambo?"

"Wako sawa. Baba, sikiza. Nelvine ameniforwadia. Hiyo inaitwa florini. Nimeangalia kwa mtandao, ilitengenezwa miaka miwili tu, halafu wazungu wakaachana nayo. Kuna watu wananunua hiyo kitu na pesa mob. Lakini feki pia zimejaa, wanatengeneza huko nje wanaletea watu kama sisi. Usionyeshe mtu mpaka ijulikane ni ya ukweli."

"Chepngeno ameiona. Yuko hapa ananisaidia."

"Huyo sasa ndiye mtu nasema usionyeshe!"

Aron alimtazama Chepngeno, ambaye alijifanya kushughulika na kifungo. Simu ilikuwa na sauti kubwa.

Kesho yake Kipkorir alipiga tena, na kesho kutwa. Nelvine naye akapiga wakati wa mapumziko, kelele za watoto wa shule zikiwa nyuma yake. Waliuliza sarafu imelala wapi, imefungwa na nini, dirisha linafungika? Aron alijibu pole pole. Alijibu swali moja kwa maneno ya maswali matatu, kisha akaongeza habari za ndama. Alianza kutembea na simu katika mfuko wa shati badala ya kuiacha mezani, na alipokuwa akipeleka majani kituoni aliwaambia wenzake, "Ngojeni kidogo, ni kijana wangu," kwa sauti ambayo hata karani wa mizani aliisikia.

Tuseme ukweli: Aron hakuitamani ile pesa ambayo mwanawe aliiota. Chai yake ilimlisha, ng'ombe wake alimnywesha. Alichotaka ni watoto waje. Sarafu ikiwa ya kweli watakuja, na wakija watarudi tena kuijadili, kwa maana kitu cha thamani hakigawanywi kwa siku moja. Sarafu ikiwa feki, simu itarudi kulala. Hilo ndilo lililomfanya aitoe ndani ya leso mara kwa mara na kumuuliza yule mfalme, kwa Kikipsigis, kama yeye ni mfalme kweli.

"Jumamosi tunakuja," Kipkorir alisema hatimaye. "Mimi na Nelvine. Kuna mzee mmoja wa Kericho town anaitwa Ogola, anajua hizi vitu za kale sana. Atakuja hapo nyumbani aipime. Yeye ndiye atasema."

"Mje na watoto," Aron alisema.

"Tutaona, Baba."

Aron aliichukua ile "tutaona" akaigeuza kuwa "ndiyo," kama wafanyavyo wazee wote.

*

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aron alipona kabla hata wageni hawajafika. Alifua vitambaa vya viti. Alipanda juu ya meza akapangusa utando wa buibui ambao alikuwa ameuzoea mpaka akaacha kuuona. Alikwenda sokoni akanunua vikombe vitatu vidogo vya plastiki vyenye vifuniko, vya wajukuu, kisha akarudi njia nzima akifikiria kama mdogo wao bado anashika kikombe kwa mikono miwili.

Kazi kubwa ilikuwa mursik, maziwa ya kulazwa kibuyuni mpaka yagande. Tangu Rebeccah aondoke, kibuyu kilikuwa kimening'inia jikoni kikavu, na mwanamume wa Kipsigis wa umri wa Aron kuonekana anaosha kibuyu cha maziwa ni jambo la kuchekwa mpaka Kedowa. Hakujali. Alichukua ule mswaki wa ufito wa mtende uitwao sosiot, ambao soko lao limechukua jina lake, akasugua ndani. Akachoma kijiti cha mti wa senetwet, akalisaga kaa lake ndani ya kibuyu mpaka pakawa na ile rangi ya kijivu na ile harufu. Chepngeno alimkuta katikati ya kazi, akaegemea mlango akicheka.

"Mzee, hiyo ni kazi ya wanawake. Leta hapa."

"Wacha. Wageni ni wangu."

"Ukiharibu wataumwa na tumbo wasirudi tena."

"Ndiyo maana sitaki kuharibu," Aron alisema, na wote wawili wakacheka.

Siku ya Ijumaa mchana, maziwa yakiwa yamelala kibuyuni na jogoo akiwa amefungwa mguu nyuma ya nyumba, Aron alikaa kibarazani akatazama kama kumebaki kitu. Kilikuwa kimebaki kimoja. Aliifungua leso. Mfalme alikuwa mweusi puani na shingoni, na simba alikuwa amezama katika uchafu kiasi kwamba ulilazimika kuambiwa ni simba. Rebeccah alikuwa na sheria yake, na watoto wote walilelewa nayo: mgeni hapewi kitu kichafu mkononi, hata kama ni kijiko.

Basi Aron akaleta karai. Akachota majivu ya moto wa asubuhi, akachanganya na kaa la senetwet lililobaki, akakamulia limau, akachukua waya wa kusugulia sufuria. Alisugua bila pupa, kwa mviringo, jinsi alivyomwona mkewe akisugua sufuria za harusi ya Nelvine. Weusi ukaanza kutoka. Shavu la mfalme likang'aa, kisha taji, kisha herufi moja moja. Alisugua mpaka vidole vikauma, akasuuza, akaipangusa kwa shati, akaiinua juani. Ilikuwa nyeupe mno. Aron alicheka peke yake pale kibarazani. Kwa muda mrefu hakuwa amefurahi hivyo, na alijuta tu kwamba hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

*

Gari la Kipkorir lilifika Jumamosi saa nne. Milango miwili ilifunguka, wakashuka watu wawili. Aron alibaki akiutazama mlango wa nyuma.

"Watoto wako na tuition," Kipkorir alisema, akimpa mkono. "Unajua hii mambo ya shule siku hizi."

"Ni sawa," Aron alisema. "Masomo ni kitu nzuri."

Nelvine alimkumbatia baba yake, akanusa harufu ya kaa katika sweta lake. Waliingia ndani. Vile vikombe vitatu vilikuwa mezani vimepangwa, na Aron akapita haraka akavirudisha kabatini kabla mtu hajauliza ni vya nani. Chepngeno alikuwa jikoni akimtoa jogoo manyoya.

"Tuone basi," Kipkorir alisema kabla hajakaa vizuri.

Aron aliileta sarafu juu ya sahani, imelala juu ya kitambaa safi. Aliishika ile sahani kwa mikono miwili na kuinama kidogo. Kipkorir aliitazama sarafu. Akatoa simu, akaitazama picha. Akaitazama sarafu tena, na uso wake ukabadilika.

"Baba, hii si ile."

"Ni ile."

"Si ile! Angalia picha. Hii ilikuwa nyeusi, ya zamani kabisa. Hii ni mpya. Hii inang'aa kama hizi za kununua kwa stendi!" Akaigusisha kwenye kava ya simu yake, iliyokuwa na sumaku. Haikunasa. "Haishiki, lakini hata aluminiamu haishiki. Nelvine, angalia."

Nelvine aliangalia. "Ni kama si hii," alisema kwa sauti ndogo.

"Niliiosha," Aron alisema.

"Kuosha gani hiyo? Pesa ya miaka mia moja unaosha inakuwa mpya?" Kipkorir alisimama. "Baba, kando na wewe nani mwingine huingia hapa?"

Hakungoja jibu. Alikwenda mpaka mlango wa jikoni, na Aron akamfuata bila kujua amfuatie nini. Chepngeno alikuwa na manyoya mpaka viwikoni.

"Mama, samahani sana," Kipkorir alisema, kwa ile heshima inayouma kuliko tusi. "Si eti nakushuku. Lakini ile siku mlitoa hiyo pesa mlikuwa wawili tu. Labda mtu amekuambia anaweza kununua, ukaleta ingine ukaweka. Kama ni hivyo sema tu, hakuna mtu atakasirika."

Chepngeno alimtazama kijana aliyemfahamu tangu akiwa na kamasi. Akanawa mikono kwenye ndoo taratibu. Kisha, bila kuambiwa, akaupindua mfuko wa aproni yake nje. Zikaanguka ufunguo, karanga chache na kipande cha sabuni. Akavua kitambaa cha kichwa akakikung'uta mbele yao, nywele zake za mvi zikiwa wazi, jambo ambalo mwanamke wa umri wake halifanyi mbele ya wanaume wa nyumba nyingine.

"Kipkorir!" Aron alisema. "Huyu ndiye aliyemwosha mama yako mara ya mwisho. Wewe ulikuwa bado uko njiani."

"Nimeuliza tu, Baba."

"Ameuliza tu," Chepngeno alirudia. Aliokota ufunguo wake, akaziacha karanga sakafuni. "Jogoo imebaki kukatwa. Nelvine anajua." Akatoka kwa mlango wa nyuma, akapita kati ya michai bila kugeuka. Aron alisimama akimwangalia mpaka akazama nyuma ya ua wake. Aliona aibu, aibu ya kweli ya mtu mzima, na hakujua ampelekee nani.

*

Mchana mvua ilinyesha, na ilipokatika Ogola alifika kwa bodaboda, koti la mvua limemfika magotini, kisanduku cha mbao kifuani. Alikuwa mzee wa upande wa ziwa aliyekuja Kericho kijana kufanya kazi ya benki, akastaafu, na hakurudi. Walipomwona, wote waliacha lugha ya nyumbani wakahamia Kiswahili.

"Chamgei," alisalimia hata hivyo kwa Kikipsigis, na Aron akafurahi.

Aron alimimina mursik. Kipkorir alisema tumbo lake siku hizi halitaki maziwa ya kulala. Nelvine aliweka midomo, akaweka kikombe chini, kwa kuwa mawazo yake yalikuwa mezani. Ogola alikunywa mpaka mwisho, akapangusa masharubu.

"Nani ametengeneza?"

"Mimi," Aron alisema.

"Wewe mwenyewe? Basi niongeze."

Kipkorir alikohoa. Ogola akaelewa, akafungua kisanduku. Alitoa mizani ndogo ya kutosha kiganja, lenzi, na sarafu nyingine chache zilizofungwa moja moja. Aliishika ile florini kwa ukingo, na alipouona mng'ao wake akainua nyusi.

"Si unaona?" Kipkorir alisema. "Ni feki, ama?"

"Kijana, wacha tuiulize yenyewe."

Aliiweka kwenye mizani, akasubiri namba zitulie. Akatikisa kichwa kukubali. Aliikalisha juu ya ncha ya kidole akaigonga kwa sarafu nyingine, na chumba kizima kikasikia mlio mwembamba ambao haukutaka kwisha. Akatoa sarafu yake moja ya bandia akaigonga vilevile. Ilisema "ko," ikanyamaza.

"Mumesikia? Hii ni feki, ya kumwagwa kwa kalibu. Haina sauti, na hapa ukingoni, weka kidole, kuna mstari mahali vipande viwili viliungana. Sasa shika ya mzee. Hizi meno za pembeni zinazunguka mzima, hakuna mahali zimeungana. Na hapa kwa simba, wale wa bandia hukosea milima." Aliinua uso. "Hii ni ya kweli. Hiyo hakuna shaka."

Nelvine alipiga kigelegele kimoja kifupi, akajiziba mdomo. Kipkorir alimrukia baba yake akamkumbatia, akamwinua kidogo kutoka sakafuni.

"Baba! Baba wewe! Krismasi yote tuko hapa, unasikia? Nitaleta watoto wote. Tutachinja kondoo. Hata hii nyumba tutaweka tiles!"

"Mtakuja Krismasi?" Aron aliuliza.

"Wote, Baba. Lazima tukae chini kama familia, tujue ni namna gani."

Aron alivuta kiti akakaa. Kukaa chini kama familia! Alianza moyoni kupanga vitanda: nani atalala chumba cha mbele, godoro litatoka wapi, na kama vile vikombe vitatu vitatosha au aongeze.

Ogola alikuwa ameinamia lenzi, na alikaa pale muda mrefu kuliko ilivyostahili. Alipoinua kichwa alikuwa ameacha kutabasamu.

"Hii kitu, nani ameisugua?"

"Ni mimi," Aron alisema. "Ilikuwa chafu."

"Na nini?"

"Majivu. Na kaa ya senetwet, na limau kidogo. Na ile waya ya sufuria."

Ogola alifumba macho. Kisha akampa Kipkorir lenzi. "Angalia shavu ya mfalme. Unaona hizo mistari mistari? Na nywele, zilikuwa hapa. Watu wa hizi vitu hawanunui madini ya fedha, wananunua uzee wake. Ule weusi ndio bei. Ingekuwa nao, ningewaambia musikubali chini ya ng'ombe ya gredi na ndama yake."

"Na sasa?"

"Sasa kuna yule ananunua fedha kwa uzito. Atawapa bei ya jogoo."

"Lakini kwa mtandao wanasema—"

"Mtandao haijawahi kununua pesa kwangu hata siku moja."

"Si tunaweza kuiweka mahali irudi nyeusi?" Nelvine aliuliza.

"Weusi utarudi. Nywele ya mfalme haitarudi, mama."

Majuto ni mjukuu, husema watu, na Aron hata mjukuu mwenyewe hakuwa ameletewa. Kipkorir alitembea mpaka dirishani, akarudi, akashika kichwa.

"Baba, nani alikuambia uisugue? Nilikuambia usionyeshe mtu, nikakuambia ufunge vizuri, ni nani alikuambia usugue? Kwa nini?"

Aron aliwatazama mmoja mmoja. Angeweza kusema hakujua, na ingekuwa kweli. Lakini alikuwa ameulizwa kwa nini.

"Nilisikia mnakuja," alisema.

Ogola aliinamisha kichwa akaanza kufunga mizani yake. Nelvine aliinuka akakusanya vikombe vya mursik ambavyo havikuwa vimenywewa, akaenda navyo jikoni, na maji yakasikika yakitiririka muda mrefu.

"Ungeuliza, Baba," alisema aliporudi, macho mekundu. "Ungenipigia tu uniulize."

"Mchana uko darasani. Jioni mteja hapatikani."

*

Ogola aliondoka na bodaboda yake, akakataa kulipwa. Mlangoni alimshika Aron mkono kwa mikono miwili, akasema mursik kama ile ilikuwa imempita miaka mingi. Aron alitaka kumwambia akae. Lakini mtu humwambia nini mgeni aliyeitwa na wengine?

Watoto nao wakaanza kuitazama barabara. Mvua ingerudi, Kipkorir alisema, na ile kona ya chini ingekuwa matope. Angemfikisha Nelvine stendi ya Kericho apate gari la Bomet. Jogoo alikuwa bado mbichi kwenye sufuria, amekatwa nusu.

"Mkule kwanza," Aron alisema.

"Siku ingine, Baba." Kipkorir alimwekea sarafu kiganjani, akakifunga kiganja kwa mkono wake. Hakuwa mkali tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kaa nayo tu. Ni kumbukumbu."

"Na Krismasi?"

"Tutaona."

Safari hii ile "tutaona" ilikataa kugeuka. Aron aliwafuata mpaka garini akiwa amebeba kibuyu. "Basi mbebe hii. Watoto waonje."

"Itamwagika kwa kiti, Baba. Na huyo mama yao hawezi hata kusikia harufu."

Mlango ukafungwa. Gari likawaka. Nelvine alikuwa ameketi mbele, anatazama mikono yake. Aron alisimama katika matope, kibuyu kifuani, akaona jinsi jioni itakavyokuwa: ng'ombe wa kukamua mwenyewe, kwa maana Chepngeno hatakuja leo, pengine wala kesho, saa ya ukutani, simu mezani. Katika kanisa la Sosiot yeye ndiye mzee aliyeachiwa ufunguo wa sanduku la sadaka, na hakuna aliyewahi kumshika katika neno la uongo, hata dogo la mzaha. Aligonga kioo cha gari kwa kidole.

Kipkorir akashusha kioo. "Nini, Baba?"

"Zilikuwa mbili."

"Mbili nini?"

"Hizo pesa. Mama yenu alikuwa na mbili."

Kipkorir alizima gari. Ghafla palikuwa kimya, wakasikia maji yakidondoka kutoka kwenye majani chai.

"Ingine iko wapi?"

"Alificha yeye mwenyewe. Hakuniambia wapi. Lakini ni hapa ndani ya boma."

"Ulishaiona wewe, na macho yako?"

"Nimeiona," Aron alisema. "Ni nyeusi kabisa."

Nelvine aliinua uso akamtazama baba yake. Akiwa msichana mdogo alikuwa amelala katika mapaja ya mama yake mara nyingi, akilifungua lile fundo la leso na kulifunga tena, na alijua kilichokuwamo. Aron aliona kwamba anajua. Walitazamana kupitia kioo cha mbele, na binti ndiye aliyeondoa macho kwanza.

"Sawa," Kipkorir alisema. Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ile ya kwenye simu. "Baba, usitafute peke yako. Ukiipata usiiguse, usiioshe, usifanye kitu. Jumamosi tunarudi. Nitaleta hata watoto, wana macho mazuri. Tutatafuta wote."

"Wote," Aron alisema.

Gari likashuka, likaipita kona, mlio wake ukafifia kuelekea lami. Aron alirudi ndani, akakitundika kibuyu mahali pake, akaivua kofia. Hakuomba msamaha kwa Mungu, si siku hiyo. Alisimama katikati ya sebule, akaanza kuitazama nyumba chumba kwa chumba, dari, stoo, jiko la zamani, akichagua mahali ambapo watu wengi wakitafuta pamoja hawawezi kumaliza kwa siku moja.